Kabla ya Uvimbe Kukatwa Vipande

Mara nyingi ukurasa huu hueleza habari za mishahara, mikataba na migogoro ya kazi katika nchi jirani. Safari hii tumeonelea vema tuzungumzie ugonjwa, tena ugonjwa ambao akina mama huuongea kwa sauti ya chini, na ambao akina baba wengi husikia habari zake kwa mara ya kwanza siku mke anapopewa karatasi ya kwenda kupasuliwa. Tumeuchagua kwa kuwa ndani yake mna jambo ambalo kila mfanyakazi analifahamu: chombo kinacholeta haraka husifiwa miaka na miaka, na walioumizwa nacho hawahesabiwi mpaka mmoja wao apige kelele.

Tuanze na uvimbe wa mfuko wa uzazi, ambao hospitalini huitwa faibroidi. Uvimbe huu ni wa kawaida mno. Utafiti uliofanywa Marekani na kutangazwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kufikia umri wa miaka 50, zaidi ya wanawake 80 katika kila 100 wenye asili ya Afrika walikuwa nao, na kwa wanawake wa Kizungu walikuwa karibu 70 katika kila 100. Wengi hawana habari nao mpaka wazeeke. Wengine hutokwa na damu nyingi ya hedhi hadi wakaishiwa nguvu, tumbo huwa zito, na mkojo hubana kila saa. Mama anayesimama mbele ya mtambo wa kufuma tangu asubuhi, akiruhusiwa kwenda chooni mara mbili tu, au anayechuma chai kwenye mteremko huku kapu limemwelemea mgongoni, hana haja ya kuelezwa maana ya maneno hayo.

Faibroidi si saratani, na kwa kadiri inavyojulikana leo ni nadra mno igeuke kuwa saratani. Taabu ni kwamba iko saratani moja inayofanana nayo. Inaitwa leiomayosakoma. Faibroidi huota katika misuli ya ukuta wa mfuko wa uzazi, na leiomayosakoma nayo huota humo humo. Dalili ni zile zile, na daktari akiligusa tumbo kwa mkono hawezi kuitofautisha na mwenzake. Wakulima wa mpunga wanaujua mpunga-mwitu: ukiwa mchanga shambani unafanana na mpunga halisi, na anayepalilia kwa haraka huuacha.

Saratani hii ni adimu. Saratani zote za misuli na nyama za mfuko wa uzazi zikijumlishwa ni sehemu ndogo tu ya saratani za kiungo hicho. Wengi wanaoipata wamepita miaka 40, na hesabu za Marekani zinaonyesha kwamba wanawake weusi huipata karibu mara mbili kuliko wenzao weupe. Ni adimu, lakini ni kali. Husafiri kwa njia ya damu, na mara nyingi hutua mapafuni.

Sasa tueleze yaliyotokea Boston, Marekani. Mwezi wa Oktoba 2013 Dakta Amy Reed, mtaalamu wa dawa za usingizi, alipasuliwa ili kuondolewa mfuko wa uzazi uliokuwa na faibroidi. Alikuwa na miaka 40 na watoto sita. Upasuaji wake ulikuwa wa matundu madogo, ambao humwezesha mgonjwa kurudi kazini baada ya wiki mbili hivi badala ya sita. Lakini mfuko wa uzazi wenye uvimbe haupiti katika tundu la upana wa kidole. Kwa hiyo ulikatwakatwa ukiwa bado ndani ya tumbo, kwa kifaa cha umeme chenye kisu cha mviringo kinachozunguka kasi, na vipande vikavutwa nje. Siku chache baadaye maabara ikatoa jibu: ndani ya kile kilichodhaniwa kuwa faibroidi mlikuwa na leiomayosakoma. Kisu kilikuwa kimekwisha kuzitawanya chembe zake tumboni.

Dakta Reed na mumewe, Dakta Hooman Noorchashm, aliyekuwa mpasuaji wa moyo, hawakunyamaza. Waliandika barua, wakawaendea wabunge na magazeti, wakawatafuta wanawake wengine waliopatwa na mkasa huo huo. Wenzao wengi wa taaluma waliwalaumu kwamba wanawatisha wagonjwa. Tarehe 17 Aprili 2014 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa ilitoa tangazo la kuwaasa madaktari wasikitumie kifaa kile kwa faibroidi. Idara ilikadiria kwamba katika kila wanawake 350 waliokuwa wakipasuliwa kwa sababu ya faibroidi, mmoja alikuwa na saratani ya aina hii au ya jamii yake bila mtu kujua. Baadaye watafiti wengine walipiga hesabu na kupata idadi ndogo zaidi, na ubishi haujaisha. Hata hivyo mwezi Julai mwaka huo kampuni iliyoongoza katika biashara ya vifaa hivyo iliviondoa sokoni, na mwezi Novemba serikali ikataka onyo kali libandikwe kwenye vyote vilivyobaki. Tangu mwaka 2020 idara hiyo inasema kwamba anayekitumia akitumie ndani ya mfuko maalumu unaozuia vipande kutawanyika.

Jambo linalotugusa sisi watu wa vyama ni lililokuja kufichuka baadaye. Vifaa vya namna hiyo vilianza kuruhusiwa miaka ya 1990. Wakaguzi wa hesabu wa bunge la Marekani waliandika mwaka 2017 kwamba kabla ya Desemba 2013 idara husika haikuwa imepokea taarifa hata moja ya saratani kutawanywa na kifaa hicho. Baada ya mwezi huo zikaja zaidi ya 200 katika muda usiozidi miaka mitatu. Je, wagonjwa walianza kuumia Desemba 2013? Hata kidogo. Ilijulikana pia kwamba daktari mmoja wa maabara, katika hospitali ya mji mdogo jimboni Pennsylvania, alikwisha kuieleza kampuni hatari hiyo mwaka 2006, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiletewa vipande na kuviangalia kwa hadubini. Yule aliye karibu na kazi ndiye aliyeona, na ndiye ambaye hakusikilizwa. Wangapi kwetu wamekwisha kumwambia msimamizi kwamba kinga ya mashine imelegea?

Dakta Reed alifariki dunia tarehe 24 Mei 2017, akiwa na miaka 44.

Swali lililobaki ni hili: je, saratani hii yaweza kutambulikana kabla ya kisu? Altrasaundi, kipimo ambacho wengi wetu tunakijua kwa wajawazito, huonyesha kwamba uvimbe upo na ukubwa wake, lakini kuutofautisha na saratani kinashindwa mara nyingi. Kukwangua utando wa ndani ya mfuko wa uzazi na kuupeleka maabara kunasaidia sana kwa saratani ya utando wenyewe, ila leiomayosakoma imejificha ndani ya ukuta wa misuli na aghalabu mkwanguo haufiki. Kipimo cha mlango wa kizazi, ambacho kila mama anapaswa kukifanya kwa kuwa saratani ya mlango huo ndiyo inayoua akina mama wengi katika nchi zetu, hakihusiki kabisa na ugonjwa huu. Aliyeambiwa mlango wa kizazi ni salama ameambiwa habari za mlango tu.

Kinachobaki ni picha ya sumaku, inayojulikana mahospitalini kama MRI. Si eksirei, na haina mionzi ya eksirei. Mwili wetu sehemu yake kubwa ni maji, na ndani ya maji mna haidrojeni. Kiini cha haidrojeni ni kama kisumaku kidogo sana. Mgonjwa akilazwa ndani ya sumaku kubwa, yenye nguvu kama mara 30,000 ya ile ya dunia inayoelekeza dira, visumaku hivyo hujipanga. Kisha mashine hupiga mawimbi ya redio, navyo huyumba. Mawimbi yakikoma hurudi mahali pake huku vikitoa sauti ya redio hafifu. Nyama yenye maji mengi hurudi kwa mwendo wake, yenye nyuzi ngumu kwa mwendo mwingine, na kompyuta hugeuza tofauti hizo kuwa picha.

Waliofungua njia ya kupata picha kwa namna hii ni Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza, nao walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2003. Huyu Mansfield tungependa wasomaji wetu wamfahamu. Alizaliwa London mwaka 1933, akaacha shule akiwa na miaka 15, akaenda kufanya kazi ya kujifunza ufundi wa kufunga vitabu katika kiwanda cha uchapaji. Masomo yake aliyaendeleza jioni baada ya kazi.

Katika picha hiyo faibroidi ya kawaida huonekana nyeusi, duara, yenye mpaka safi, kama jiwe la mtoni lililozikwa katika udongo. Nyeusi kwa sababu imejaa nyuzi na ina maji machache. Leiomayosakoma mara nyingi huwa ya kijivu au nyeupe-nyeupe, mpaka wake una vinundu na umechanika-chanika, ndani yake mna damu iliyovujia, na katikati mna sehemu iliyokufa. Sehemu hiyo iliyokufa hujulikana kwa kumchoma mgonjwa dawa maalumu mshipani: dawa huenea kwenye nyama hai na kuing'arisha, ila haingii palipokufa. Kisha ipo picha nyingine inayopima jinsi maji yanavyotembea kati ya chembe. Ndani ya saratani chembe zimesongamana kama abiria katika basi la jioni, maji hayapati nafasi ya kupita, na mahali hapo hung'aa.

Mwaka 2017 madaktari wa hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, New York, walitangaza alama nne za kutazamwa: mpaka wenye vinundu, damu ndani ya uvimbe, mabaka meusi, na katikati pasipopokea dawa. Uvimbe wenye alama tatu au zaidi, walisema, ni vigumu uwe faibroidi. Kundi lao lilikuwa dogo, wagonjwa 41, na kwa ugonjwa adimu makundi huwa madogo siku zote. Kabla yao, mwaka 2002, madaktari wa Japani waliwalinganisha wagonjwa 10 wa leiomayosakoma na 130 wenye faibroidi zilizoharibika, wakaunganisha picha ya sumaku pamoja na kipimo cha damu kiitwacho LDH, na kutumia viwili pamoja kukawasaidia kuliko kutumia kimoja. Kipimo cha LDH ni cha bei nafuu na maabara nyingi zinakiweza. Ila kwetu kina kasoro yake: malaria nayo huipandisha LDH, na damu iliyochotwa vibaya pia huipandisha.

Yafaa ieleweke vizuri kwamba picha si hukumu. Faibroidi nzee iliyolainika na kuoza ndani huweza kuonekana nyeupe na kumtia daktari wasiwasi wa bure. Ipo pia saratani inayojificha katika umbo la faibroidi tulivu. Hukumu hutolewa na hadubini baada ya uvimbe kutoka. Kazi ya picha ni kuwatenga wale wa kutiliwa shaka, ili wapelekwe kwa mpasuaji wa saratani na uvimbe wao utolewe mzima, bila kukatwa. Hilo si dogo, kwa maana matumaini makubwa katika ugonjwa huu ni kuutoa wote ukiwa haujavunjika.

Kuna jambo linalowahusu hasa wafanyakazi wa karakana. Sumaku ile haizimwi usiku wala mchana, na huvuta chuma kwa nguvu ya kutisha. Fundi wa kuchomelea au wa kusaga chuma huweza kuwa na kipande kidogo mno cha chuma ndani ya jicho kwa miaka bila kuumia, nacho kikisukwasukwa na sumaku chaweza kumpofusha. Kwa hiyo mama yeyote aliyewahi kufanya kazi hiyo, na wapo, ni lazima aseme kabla ya kuingia, ili macho yapigwe eksirei kwanza. Aseme pia kama ana kifaa cha moyo, chuma kilichowekwa mfupani, kitanzi cha uzazi, au maradhi ya figo, maana ile dawa ya mshipani haiwafai wote wenye figo mbovu. Humo ndani mna kishindo kama cha kiwanda cha mabati. Mgonjwa hupewa vizibo vya masikio na hulala bila kutikisika nusu saa au zaidi. Haiumi.

Mashine hizi ni ghali, na katika nchi zetu ziko katika miji mikubwa tu. Ughali hautokani na kununua peke yake. Nyaya za sumaku hupozwa kwa heliamu ya maji hadi nyuzi 269 chini ya sifuri, na mashine nyingi zilizopo zinahitaji zaidi ya lita 1,000 za heliamu hiyo, pamoja na umeme usiokatika. Heliamu huagizwa kutoka mbali, ingawa mwaka 2016 wataalamu wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya utafutaji, walitangaza kwamba ardhi ya bonde la Rukwa, Tanzania, ina gesi hiyo kwa wingi. Wananchi wa Rukwa watafaidika nayo kiasi gani, tutaandika siku nyingine. Huko Uganda, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, mwaka 2022 mafundi wa hapo walishirikiana na Wadachi kuunganisha mashine ndogo ya MRI isiyohitaji heliamu kabisa. Ni ya vichwa vya watoto wenye maji kichwani, na haitoshi kwa mfuko wa uzazi, lakini imeunganishwa kwa mikono ya watu wa hapo hapo.

Kwa hiyo si kila mwenye faibroidi apigwe picha ya sumaku. Mashine zilizopo hazingetosha hata kwa mkoa mmoja. Tunaloona ni la haki ni kwamba wale wenye dalili za shaka wasinyimwe rufaa kwa sababu wanatoka shambani: mama aliyekwisha koma hedhi kisha damu ikarudi, au ambaye uvimbe wake unaendelea kukua baada ya hedhi kukoma ingawa faibroidi hutarajiwa kusinyaa wakati huo, au ambaye altrasaundi yake imeandikwa kwamba uvimbe hauna sura ya kawaida. Halikadhalika yeyote anayeambiwa atapasuliwa kwa matundu madogo anayo haki ya kuuliza: uvimbe utatokaje? Kama utakatwa, utakatwa ndani ya mfuko? Nani ameutazama kabla? Hayo si maswali ya utovu wa adabu. Mwajiri anayetaka mtu arudi mtamboni baada ya wiki mbili asiwe ndiye anayechagua aina ya kisu, na matawi yanayojadili mikataba yahakikishe kwamba likizo ya ugonjwa inamtosha mama aliyepasuliwa tumbo zima, na kwamba nauli ya rufaa hadi mjini haikatwi kwenye mshahara wake.

Katika hospitali nyingi za nchi zetu faibroidi bado huondolewa kwa kupasua tumbo, na hapo hutoka bila kusagwa. Katika jambo hili, hali hiyo duni imekuwa kinga. Lakini kinga hiyo hupotea kama uvimbe hautafikishwa maabara. Mara nyingine jamaa hukabidhiwa chupa yenye uvimbe ndani ya dawa ya fomalini, waambiwe waipeleke wenyewe na walipe. Fedha hakuna, mgonjwa anaonekana amepona, chupa inakaa uvunguni mwa kitanda hadi inasahaulika. Tunawasihi, chupa hiyo ipelekwe, hata kama ni kwa mchango wa wenzake wa zamu moja.

Jibu likirudi, mgonjwa aombe nakala yake na asomewe yote. Hapa pana mtego wa maneno. Maabara huandika kwa lugha ya kitabibu, na neno leiomyoma maana yake ni faibroidi ya kawaida, wakati leiomyosarcoma ndiyo saratani tuliyoieleza. Herufi za mwanzo ni zile zile, na karatasi iliyoandikwa kwa haraka huweza kumpotosha hata karani. Likiwa ni lile neno refu, mgonjwa asingoje tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye kadi. Aende siku hiyo hiyo, apewe rufaa ya hospitali ya saratani, na aulize pia habari ya picha ya kifua, kwa sababu ya mapafu.